Kipunji Juu ya Mlozilozi

Msinicheke, lakini nikipita panapopasuliwa mbao, harufu ya unga mbichi wa mti hunifanya niharakishe hatua.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Shamba letu la mahindi lilipakana na msitu wa Mlima Rungwe, na mpakani ulisimama mlozilozi mkubwa, maua yake mekundu yakining'inia kama mikia ya ng'ombe. Soko huria lilikuwa limetufikia. Tajiri wa mbao alikuja na lori kutoka Mbeya, akautaka mti ule. Baba akakubali.

Asubuhi ya kuukata tuliwakuta kipunji shambani, kima wa kahawia wenye kishungi kichwani, waoga mno hata wengine kijijini walidai hawajawahi kuwaona. Mbwa wakawakurupusha. Wote wakapotelea msituni, ila mmoja aliyebeba mtoto kifuani. Huyo akapanda mlozilozi.

"Kateni hivyo hivyo," tajiri akawaambia wakata mbao wake. "Mwizi wa mahindi ataanguka nao."

Msumeno ukaanza. Juu kule kipunji akatoa sauti nzito, kama mtu anayekohoa kwa hofu, na maua yakatudondokea vichwani. Nikamshika baba shati. Lilikuwa limelowa jasho, na baridi ilikuwa kali.

Shangazi Subilaga, dada yake mkubwa baba, akaacha kupalilia. Akaja taratibu, akaketi palepale mti ulipotarajiwa kuangukia.

"Dada, toka hapo."

"Mti ukikatwa huchipua," akajibu. "Huyu na mwanawe watachipukia wapi?"

Tajiri akacheka. Baba akatazama lori, akamtazama dada yake, kisha akawashika wakata mbao mikono. "Fungeni mbwa," akasema.

Sisi wengine tukarudi nyuma hadi migombani. Kipunji alikawia sana. Mwishowe akateremka, mtoto amemng'ang'ania, akakimbilia msituni.

Shangazi akainuka, akajipangusa udongo. Mti ukakatwa.

Nililia kwa ajili ya yale maua, nikamkasirikia shangazi kwa kuondoka pale mapema. Nilishakuwa mtu mzima mama aliponiambia kwamba jioni iliyotangulia shangazi alimsihi baba asiuuze mti, akakataliwa. Kumbe alipoketi pale alijua kipi kimeshapotea, akaomba kile ambacho ndugu yake angeweza bado kumpa.