Mwalimu, Neno Halimo

Mwalimu amefariki. Nilipata habari Jumanne asubuhi, nikiwa Ukunda nangoja mahamri yatoke kwenye mafuta. Aliyenipigia simu ni rafiki anayefundisha upande wa Msambweni. "Yule mwalimu wako wa mraba wa herufi," akasema, "tumemzika jana alasiri." Nikasema Mwenyezi Mungu amrehemu, nikalipia mahamri, nikaondoka bila kuyachukua. Jina lake silitaji, kwa kuwa hakupenda kutajwa. Waliopita mikononi mwake watamjua, nami ninayo haya yangu ya kusema, ambayo nimechoka kuyabeba.

Miaka hiyo nilikuwa kijana mwenye haraka katika gazeti dogo la kila Ijumaa, ambalo sasa halipo. Kazi niliyoidharau kuliko zote ilikuwa ukurasa wa watoto. Humo mlikuwa na mraba uliojaa herufi, na ndani yake maneno kumi yamefichwa, mengine yakilala, mengine yakisimama, mengine yakienda mshazari. Mtoto alipewa orodha pembeni, ayasake na kuyazungushia kalamu. Niliutengeneza nikinywa chai, nikiamini hakuna anayeujali. Kumbe shuleni kwa mwalimu nakala ilifika moja tu, tena Jumatatu. Alichora miraba ubaoni kwa rula ya mbao, akaijaza herufi mojamoja, na darasa zima la nne likanakili kwenye madaftari ya hesabu. Aliyeliona neno aliupa ubao mgongo, akaliendeleza herufi kwa herufi, kisha akalitungia sentensi. "Watoto wetu Kidigo ni chao, na Kiswahili wanakisikia kila siku," aliniambia, "lakini kuliendeleza neno ni kazi nyengine. Kwa mchezo huu wanajifunza bila kuogopa fimbo."

Aliniambia hayo siku alipokuja ofisini mara ya kwanza, gazeti likiwa limekunjwa kwapani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akakataa kiti. Wiki hiyo maneno yalikuwa ya vyombo vya jikoni. Watoto walipata kinu, mwiko, kawa, mbuzi na mengineyo, ila upawa haukuonekana. Msichana mmoja mnyamavu akanyoosha mkono: "Mwalimu, neno halimo." Mwalimu akamjibu kwamba gazeti halikosei, atafute vizuri. Akamsimamisha mbele ya ubao muda wote wa mapumziko, wenzake wakimcheka dirishani. Jioni, madarasa yakiwa matupu, mwalimu akazipitia herufi zote yeye mwenyewe. Neno halikuwemo.

"Nimemwomba radhi mbele ya darasa," akasema. "Ananitazama tu. Anadhani namhurumia. Tangu siku hiyo hanyooshi mkono, wala nikimwuliza hajibu. Na babake ashaanza kusema, kama hana analojifunza, bora akae nyumbani alee wadogo zake. Mwanangu, andikeni kwamba kosa ni lenu. Gazeti ataliamini." Nilitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayeisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Lakini nilikuwa najua. Tangazo la sabuni lilikuwa limekosa nafasi, nami kwa mkono wangu nikaukata mstari wa mwisho wa mraba, ule wenye upawa. Nilijiambia, nani atahesabu?

Nilimpelekea mhariri ombi lile, bila kutaja mkasi wangu. Akacheka. Gazeti, alisema, haliombi radhi kwa mchezo wa watoto. Toleo lililofuata tulimwomba radhi mheshimiwa mmoja kwa kukosea cheo chake, tena ndani ya kisanduku kilichopigiwa mstari mnene. Mwalimu alipokuja mara ya pili nilimwambia tunalishughulikia. Mara ya tatu alikuwa amepunguza ombi lake hata likanitia haya. "Basi niandikie wewe. Mistari miwili tu, kwa mkono wako. Nitampelekea." Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikamwambia wiki ijayo. Alinishukuru, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Hakurudi tena, na mimi sikuandika. Nimeitafuta sababu miaka yote hii na sijaipata, labda uvivu, labda kiburi cha ujana.

Siku hizi mchezo ule umo kwenye simu, na neno likionekana simu inapiga muziki. Kwenye hoteli za Diani hufanyika semina, wataalamu wakiulizana kwa nini watoto hawajui kuendeleza maneno. Nimehudhuria kadhaa, nikala chakula chao, nikarudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyokwenda. Hakuna aliyeuliza ni watoto wangapi waliacha kunyoosha mkono kwa sababu wao waliona sawasawa, na mkubwa akaona aibu kukiri. Wahenga walisema kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi mkasi niliutumia mara moja, ila kunyamaza nimekurudia kila wiki, katika safu hii hii.

Baadaye nilimpigia simu yule rafiki wa Msambweni nikamwulizia yule msichana. Akasema aliacha shule kabla ya kumaliza darasa la nne, akaolewa upande wa Vanga, na zaidi ya hapo hajui. Mwalimu, akaongeza, alikuwa akimwulizia hata alipokuwa mgonjwa. Mtoto akikwambia halimo, msomaji wangu, keti naye mhesabu pamoja, kisha ukikuta kosa ni lako, liseme siku hiyo hiyo, maana aliyekuomba useme hatakuwepo daima. Na wewe dada, sijui kama unasoma magazeti, ila pengine yupo wa kukusomea: neno halikuwemo. Mstari wake niliukata mimi, nikijua. Mwalimu hakuwa akikuhurumia. Alikuwa akikwambia kweli.