Tulivyoitetea Feri Dundori

Niliitetea feri ya Likoni mbele ya watu kabla sijaiona kwa macho yangu, na mpaka leo ninapoandika haya bado sijaiona. Sioni aibu kusema hivyo. Hapa kwetu Dundori watu wengi hawajawahi kuiona bahari, lakini viazi vyetu vinafika huko kila wiki, kwa hivyo na sisi tuna haki ya kuongea. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyekiti wa vijana wa kanisa letu siku alipotangaza mada ya mdahalo: je, daraja lijengwe Likoni na feri iondolewe?

Midahalo yetu ina utaratibu wake. Jumapili moja kila mwezi, ibada ikiisha, tunabaki kwenye ukumbi wa mbao ulio nyuma ya kanisa. Kila upande unatoa msemaji mmoja. Muda unapimwa na mwimbaji mmoja wa kwaya mwenye kijiko na mtungi wa maziwa mtupu. Akigonga, umekwisha, hata kama ulikuwa karibu kumtaja Mungu. Na kura hatupigi kwa mkono. Unainuka, unatembea mbele ya wenzako wote, unaenda kukaa kwenye benchi za upande uliokushawishi. Ndiyo maana watu husikiliza kwa makini. Hakuna anayetaka kuonekana akizurura ukumbini kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

Upande wa daraja alipewa kaka yangu, na hakuna aliyeshangaa. Yeye ni dereva wa lori la viazi. Anapakia hapa, anapita Gilgil, anashuka mpaka Pwani Kusini, na foleni ya feri ndiyo adui yake mkubwa duniani. Upande wa feri ulikosa mtu. Mwenyekiti alikuwa anataka kubadilisha mada niliponyoosha mkono.

"Wewe?" kaka akasema. "Wewe hata boti ya Naivasha hujapanda."

"Ndiyo nikaona nianze na kubwa," nikamwambia.

Watu wakacheka, lakini mimi nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa nyuma kabisa karibu na mlango, imejifunika leso mbili kwa baridi. Ni mke wa kaka yangu. Huwa tunaitana wifi.

Kwao ni Likoni. Mama yake anauza viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, pale watu wanaposubiri feri. Siku moja kaka alikwama kwenye foleni, njaa ikamshika, akashuka kununua, akaanza kujisifu kwamba hivyo viazi vimetoka kwao Dundori. Msichana aliyekuwa anasaidia mama yake akamuuliza, "Basi mbona nyinyi hamjui kuvipika?" Kaka anasema alirudi kwa lori akiwa amechanganyikiwa. Baada ya safari nyingi za kwenda kubishana juu ya mapishi, akamleta nyumbani kama mke.

Sisi tulimpokea vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Popote alipoenda alipewa kiti na chai. Kwenye harusi, kwenye matanga, akiinuka kusaidia anaambiwa, "Kaa tu, mgeni, utachoka bure." Akina mama wa kanisa walidhani wanamheshimu. Hata mama yangu alikuwa anamwekea chakula kwa sahani ya wageni. Mwaka ukazunguka, bado ni mgeni. Akiongea, watu wanamwomba arudie kwa sababu Kiswahili chake kinawapendeza, kama cha redio. Yeye akadhani wanamcheka. Akanyamaza. Wiki chache kabla ya mdahalo aliniambia, mimi peke yangu, kwamba akishuka kwao baada ya mavuno huenda asirudi. Hakulia. Alikuwa anasema huku anakunja nguo.

Kwa hivyo nilipoinua mkono sikuwa nafikiria feri. Nilikuwa natafuta njia ya kumfanya aongee.

Wiki hiyo yote tulikuwa stoo tukichambua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule, na mimi nikamgeuza mwalimu. Nilimuuliza, feri ikoje? Akaanza kidogokidogo, kisha akasahau viazi kabisa. Akanieleza honi yake. Akanieleza lango likifunguliwa, watu wanavyomiminika kwa pamoja, wanafunzi, wenye baiskeli, wenye mikokoteni, tajiri na mwenye matambara, wote bega kwa bega. Mara moja walivuka na bibi harusi, wasiomjua wakampigia vigelegele mpaka ng'ambo. Akaigiza vile wauza maji wanavyopenya katikati ya watu, nami nikanunua kwake kiazi kimoja kama chupa ya maji, nikamlipa kwa kokoto. Sikuwahi kumwona hivyo. Nikasema moyoni, laiti watu wa kwetu wangemwona sasa hivi.

"Kuja useme wewe," nikamwomba.

"Wifi, nikifungua mdomo watu hucheka. Sema wewe, mimi nitasikiliza."

Siku ikafika. Kulikuwa na ukungu, ukumbi ukajaa mapema. Kaka akaanza, na sitamnyima sifa zake, aliongea vizuri. Alisema shangi ni kiazi kisicho na subira. Ukikichelewesha njiani na lile joto la Pwani, kinachipuka au kinaoza, na jasho la mkulima linamwagwa kando ya barabara. Wakulima wakanguruma kukubali.

"Na daraja si uchawi," akaendelea. "Unasimamisha nguzo, unamwaga saruji, watu wanapita. Si hata sisi tulijenga letu hapa mtoni, Jumamosi moja, na tukabaki na misumari?"

Ukumbi wote ukaitikia kwa kichwa, na mimi pia. Hapo ndipo tulipokosea sisi sote. Mtu wa hapa akisikia daraja, anaona lile la kwetu, magogo na saruji, unalivuka kwa hatua chache na debe la maziwa mkononi. Hata kaka, ambaye amevuka feri mara nyingi, akiwa pale macho yake huwa kwa turubai ya lori lake tu.

Zamu yangu ilipofika nilisema kuhusu ziwa. Nikasema watu wa Nakuru tumeliona ziwa likitoka kwake na kuingia kwa watu. Nyumba zilizojengwa pakavu zikabaki ndani ya maji. Kilichojengwa kimesimama hapo hapo, maji yakipanda kinazama. Lakini feri, maji yakipanda, inapanda nayo. Nikapigiwa makofi, na nilijiona mrefu kidogo kuliko kawaida yangu.

Kaka akainuka na swali. "Msemaji mwenzangu, tuambie tu, hiyo feri ina rangi gani?"

Nilikuwa nimeuliza mambo yote isipokuwa rangi. "Rangi ya feri," nikajibu.

Kicheko kilichotoka hapo sijui kama kiliwahi kusikika Dundori. Mzee mmoja anayefuga ng'ombe karibu na kwetu akaona aniokoe. "Wewe dereva, usimcheke dada yako. Foleni imekupa bibi na bado unaitukana?"

Sasa kicheko kikawa mara mbili, na vichwa vyote vikageuka kuangalia mlangoni. Wifi akajivutia leso mpaka usoni. Nikamwona ameshika mlango. Nilidhani nimeharibu kila kitu, na mimi ndiye niliyemwomba aje.

Lakini hakutoka. Aliuachilia mlango, akasema, "Naomba kusema."

"Mgeni wetu ana ruhusa," mwenyekiti akajibu haraka.

"Mimi si mgeni. Nimepanda viazi hapa mara mbili."

Wifi akatembea hadi katikati.

"Lile daraja mnalolisema si kama la mtoni," akaanza. "Pale meli zapita kwenda bandarini, meli kubwa, ndefu kuliko kanisa hili mara nyingi. Daraja lazima liwe juu kama ule mlima wenu, meli ipite chini. Gari litapanda, sawa. Je, mamangu na beseni lake kichwani? Apande mlima na kuushuka, jua la saa saba, kila siku?"

Kaka akasema, kwa upole lakini akasema, "Lakini mama yako anauza kwa foleni. Si unatetea biashara ya nyumbani?"

Hakuna mke wa hapa aliyewahi kujibizana na bwana yake kwenye ukumbi wa kanisa.

"Mamangu auza kwenye foleni," akasema, "lakini sijamsikia hata siku moja akiiombea foleni izidi. Yeye huwaonea huruma wanaokwama. Wewe mwenyewe alikuongezea kiazi. Daraja lijengwe, baba, lori lako lipite na shangi zako zifike zikiwa nzima. Lakini feri isiondolewe. Iachwe kwa waendao kwa miguu."

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Kwa hivyo uko upande gani?"

"Upande wa waendao kwa miguu."

"Huo hauna benchi."

Wifi akabaki amesimama katikati, peke yake, benchi za daraja huku na za feri kule. Hapo ndipo nilipoona mama yangu akiinuka. Mama si mtu wa maneno na kwenye midahalo huwa anasinzia. Alishika benchi lake, akalivuta mwenyewe kwenye sakafu ya mbao, kelele hiyo ikatukwaruza wote meno, akaliweka katikati ya ukumbi.

"Mimi natembea kwa miguu tangu nizaliwe," akasema. "Kaa hapa, mtoto wangu."

Wakakaa. Halafu yule mzee wa ng'ombe akaenda. Halafu akina mama wawili wa kwaya. Mimi nilijaribu kubaki upande wangu kwa heshima ya msemaji, nikashindwa, nikaiacha feri bila mtu hata mmoja na kukimbilia benchi la mama. Mwenye mtungi akagonga mara nyingi bila sababu.

Daraja lilishinda, nisidanganye. Wakulima ni wengi na shangi ni shangi. Lakini nilitoka pale nimenyanyua kichwa kama mshindi, na kaka pia. Nilimsikia akiwaambia wenzake nje, "Mmemsikia bibi yangu?" akisahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa anajibiwa.

Kisha tukaingia jikoni kwa chai ya watu wote. Mwenyekiti wa akina mama, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, akamwona wifi amesimama. "Wewe wa Likoni, unaniangalia nini? Maji inachemka na majani haijawekwa. Na vikombe ni chafu." Hakuna aliyemwambia akae. Wifi akakunja mikono ya sweta, akaanza kusugua vikombe, na akawa anabishana naye juu ya tangawizi. Mimi nilijifanya natafuta sukari ili wasinione machozi.

Mavuno yalipoisha alishuka kwao kama alivyopanga. Tofauti ni kwamba mama naye alipanda lori, amevaa nguo za ibada, na gunia la viazi bora vya kumpelekea mkwe mwenzake. Alisema anataka kuivuka hiyo feri kwa miguu kabla watu hawajaijengea daraja, na kwamba kaka atatangulia na lori lake awangoje ng'ambo.

Injini ilikuwa inanguruma tayari wifi alipochungulia dirishani.

"Wifi, ile miche ya kabeji niliyoiatika nyuma ya jiko, kuku wasiiguse. Nikirudi nitaihamisha mwenyewe. Wewe huipanda karibukaribu mno."

"Sawa," nikasema.

"Na maji jioni, si mchana."

"Nimesikia, enda."

Lori likateremka likapotea kwenye ukungu. Nikachukua panga, nikaenda kukata miiba ya kuzungushia kitalu.