Ndege ya ndugu yangu ilipovunjika mguu, mimi kwanza nilisimama

Wakuu, heshima kwenu. Naandika kitu ambacho hata mke wangu hajui. Sitaongeza chumvi, maana kilivyo tu kinanitosha kwa aibu.

Mimi ni dereva wa shirika moja huku Kagera. Kwetu ni Keza, Ngara.

Nina ndugu yangu, nimwite Evarist. Hatukuzaliwa tumbo moja. Alivuka kutoka Burundi akiwa mtoto mdogo, hana mtu, mama yangu akamchukua. Tulikula sahani moja, tukasoma darasa moja.

Mimi niliishia form four. Yeye akaenda chuo, akarudi kuwa bosi kwenye shirika hilo hilo ninakoendesha gari. Hata kazi aliniombea yeye. Na hilo nalo liliniuma, msiniulize kwa nini.

Kilichoniuma zaidi ni mama. Akija mgeni, hajakaa vizuri, ameshaambiwa: "Mwanangu Evarist anapanda ndege."

Na mimi nimekaa pale pale. Mimi ninayempalilia migomba, ninayempeleka kliniki ya presha.

Mwaka jana Evarist alikuwa anarudi kutoka Mwanza na ndege ndogo ya kukodi, yeye na wageni wawili. Nikatumwa kuwapokea kiwanja cha ndege cha Biharamulo. Mama akaomba twende wote, hajawahi kuona ndege ikitua. Akavaa kitenge cha kanisani. Njia nzima ni Evarist hivi, Evarist vile. Mimi nakanyaga mafuta tu.

Ndege ikaja, ikashuka, halafu ikapanda tena.

Mzee anayetunza kiwanja alikuwa na redio. Akatuambia tairi la kushoto limeshuka lakini halijajifunga, rubani anajaribu tena. Ikazunguka, ikazunguka. Mama akapiga magoti kwenye changarawe, akasali kwa Kihangaza, lugha ya kwetu.

Mwishowe ikatua. Tairi la kulia likagusa vizuri. La kushoto lilipogusa, mguu wake ukakunjika. Bawa likachimba ardhi, ndege ikageuka ubavu, ikaserereka mpaka kwenye nyasi. Moshi ukaanza kutoka.

Wakuu, hapa ndipo penyewe.

Sikukimbia. Nilisimama. Na wazo lililonijia ni hili: sasa mama atabaki na mimi.

Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Nilichoona ni mama ananipita mbio, mwanamke wa miaka sabini, kiatu kimoja kimemvuka. Ndipo miguu yangu ikaamka.

Nikachomoa mtungi wa kuzimia moto kwenye gari, nikampita. Mlango ulikuwa umekwama, nikaubandua kwa wheel spana. Tukatoa wageni, tukamtoa rubani. Evarist alikuwa wa mwisho, mkono umevunjika. Hakufa mtu. Fundi aliyekuja baadaye alisema chuma kinachokaza ule mguu kilikuwa kimekatika.

Tangu siku hiyo mama amebadilisha hadithi. Mgeni akija anaonyeshwa mimi: "Huyu ndiye aliyeingia kwenye moshi." Sifa nilizozisubiri tangu utoto. Zikitajwa, natoka nje kama naenda kuangalia mbuzi.

Nikashindwa kuvumilia. Siku moja Evarist amekaa uani, mkono umefungwa plasta ya POP, nikamwambia, "Siku ile nilichelewa kukimbia."

Hakushtuka. "Najua. Nilikuona kupitia dirisha la ndege, umesimama."



"Halafu nikakuona unakuja," akaongeza.

Akaniomba nimfungie vifungo vya shati, anataka kwenda misa. Nikamfungia, kimoja kimoja. Hatujaongea tena habari hiyo.

Nilichojifunza ni kwamba wivu hauondoki eti kwa sababu mtu ametenda jema. Bado ninao. Juzi kapandishwa cheo, nikahisi unanichoma kifuani. Ila sasa nikiuhisi, nampigia simu namsalimia kabla haujakua.

Mama sijamwambia. Nyie mnaonaje, nimwambie au niache azeeke na hadithi yake? Kama nawe umewahi kumwonea wivu mkali mtu unayempenda, andika hapa chini. Matusi pia napokea, nimeyastahili.