Nyundo na Spana za Wilf Tranter

Miaka ishirini na sita Wilf Tranter alitembea chini ya London akigonga vyuma. Nyie mnaoogopa kwenda chooni taa ikizimika, kazi hiyo msingeiweza hata asubuhi moja. Njia ya treni za chini ya ardhi imezungushiwa pete kubwa za chuma, na Wilf alizigonga kwa nyundo, moja moja, akisikiliza. Pete nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hulia kama chungu kibovu. Shule aliiacha mapema, lakini wahandisi wenye vyeti vyao walimngoja aseme "sawa" ndipo treni ipite.

Oktoba ya 1940 bomu la Wajerumani likapasua barabara juu ya kipande chake cha njia, naye yuko chini. Alitoka mzima, vumbi tupu, ila masikio yakawa yamekufa. Aliyejua ni mkewe tu, Edie, ambaye sasa kumwomba chumvi ilibidi apige ukelele kama anauza samaki.

"Kawaambie, Wilf!"

"Watanipa ufagio."

"Si heri ufagio! Mimi hupita humo kwenda kiwandani, mzee mkaidi wewe!"

Siku ya tatu, tope limezolewa na reli zimenyooshwa, msimamizi Gosling akamshusha saa nne asubuhi. Pete mia mbili. Akiziridhia, jioni abiria wanapita.

Wilf akagonga ya kwanza. Kimya. Akaitikia kwa kichwa kama mtaalamu, na Gosling, nyuma na taa, akaandika: nzima. Ya pili vivyo hivyo. Baada ya ya thelathini Wilf akamkumbuka Edie, apitaye humo, akaishusha nyundo.

Akachomoa spana ndefu kiunoni, akaegemeza ncha moja kwenye chuma, nyingine akaing'ata, akagonga. Meno yake ya bandia yakacheza kama njuga. Akayatia mfukoni, akahamisha spana kwenye mfupa nyuma ya sikio, akagonga tena. Pete ikalia ndani ya fuvu, safi.

"Unatafuna vifaa vya kampuni sasa?" Gosling akauliza. Wilf akagonga tena. Akazunguka mbele, akammulika usoni, akampigia ukelele. "Wilf! Hunisikii?"

"Sikusikii tangu bomu," Wilf akasema, bila meno. "Hizo thelathini, zifute."

"Ukaniitikia kwa kichwa kama mbuzi! Mara thelathini!"

Wilf alisoma hasira usoni, maneno hakuyahitaji. Akageuka, akarudi mwanzo. Gosling akatukana, kisha akamfuata na taa.

Ya kumi na saba, ile aliyoitikia vizuri kabisa, haikuleta mlio kwenye mfupa. Akagonga tena. Mshindo mzito, uliokufa. Wakakwangua masizi: ufa urefu wa mkono.

Njia ilifungwa siku tisa zaidi. Edie alikwenda kiwandani kwa basi, akilalamika kila siku.

Ufagio alipewa Jumatatu, kama alivyotabiri. Nyundo walimnyang'anya, wakamsainisha karatasi. Spana hakuirudisha, na Gosling, aliyehesabu vifaa mwenyewe, hakuiulizia.