Kisu cha Pili kwa Kidani

Saa mbili asubuhi, bahari imekupwa, wanawake wa Dunda wameshateremka pwani na magongo yao, na Mwanamvua binti Abdala hayumo miongoni mwao. Amekaa barazani kwake, mkeka ameukunja mara mbili kwa sababu ya mifupa, anasokota kamba ya makumbi kwa viganja. Kamba inateremkia upande wake wa kulia. Upande wa kushoto amelala paka.

Kila akisokota kidogo anasita. Anamgusa paka mgongoni, anangoja mpaka auone ubavu ukipanda na kushuka, ndipo anaendelea.

Ni paka jike wa kijivu, mwenye mzunguko mweupe shingoni, na mzunguko huo ndio uliompa jina la Kidani. Ana miaka kumi na mitatu. Jicho lake moja limeanza kuingia ukungu, na chini ya tumbo, karibu na paja la nyuma, ana uvimbe mkubwa kama ndimu.

Habari zao zilimfikia mwandishi wa makala haya kahawani mjini Bagamoyo, nazo zilikuja kama kichekesho: kuna ajuza Dunda kajifukiza udi kwa ajili ya paka! Watu walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Mwandishi naye alicheka, wala haoni haya kusema hivyo, akashika njia kwenda Dunda ili akacheke zaidi.

Mwanamvua anajihesabia miaka hamsini na minane, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo ameimaliza kwenye makumbi. Maganda ya nazi hufukiwa matopeni pwani kwa miezi mingi mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa, hupondwa kwa gongo mpaka nyuzi ziachane, huoshwa, huanikwa, na mwisho husokotwa kamba. Kamba ya pima ishirini huiuza senti themanini. Zamani kila wiki mbili alikuwa akitoa tano. Siku hizi akitoa mbili amejitahidi.

"Kazi hii inanuka," anasema, ananyoosha mikono ili mgeni anuse mwenyewe. "Tope lile likikuingia mwilini halitoki kwa sabuni. Marehemu alikuwa akinitania, hata nikipotea sokoni atanipata kwa pua."

Marehemu ni mumewe, Msabaha, aliyekuwa fundi wa kuezeka makuti. Yeye ndiye aliyemleta Kidani nyumbani, kipaka kisichojaa kiganja, amekitia ndani ya kofia. Watoto wao wawili walifariki wangali wachanga. Msabaha naye alishikwa na homa miaka sita iliyopita, siku nne tu, akaenda zake.

"Eda nilikaa na huyu," anasema Mwanamvua, akimwonyesha paka kwa kidevu. "Miezi minne na siku kumi. Watu walijaa wiki ya kwanza, wakaja arubaini, halafu kila mtu na shughuli zake. Siwalaumu. Lakini huyu hakutoka. Paka gani asiyetoka, mwanangu? Alishinda nami chumbani kama na yeye kafiwa."

Tangu hapo wamekaa wawili. Asubuhi alipokwenda pwani, Kidani alimsindikiza mpaka kona ya nyumba, si hatua zaidi, kisha alirudi. Aliporejea jioni alimkuta konani.

Uvimbe ulianza mwaka huu, karibu na mwezi wa Rajabu, ukiwa mdogo kama korosho. Bwana mifugo, kijana aitwaye Mwinjuma anayetoka Ubena, huja Bagamoyo kila baada ya wiki mbili kukagua nyama na ngozi. Mwanamvua alimfuata machinjioni na paka kwenye kikapu. Watu wa pale walimtazama sana.

Bwana Mwinjuma alikubali kumkata, ila alisema wazi kwamba dawa yake ya usingizi imepimwa kwa ng'ombe na punda. Paka akizidishiwa kidogo tu haamki. Kwa hiyo angempa kidogo sana, na mtu angemshika.

Sihaba, jirani na shoga yake Mwanamvua, muuza vitumbua, alijitolea kumshika. Kidole gumba chake bado kina alama ya meno. Ikabidi ashike Mwanamvua mwenyewe. Walimtia paka ndani ya gunia, wakalitoboa pale panapotakiwa, na Mwanamvua akamkandamiza mkekani kwa mikono yote miwili mpaka kazi ikaisha.

"Alikuwa akinitazama," anasema. "Hakumtazama Bwana Mwinjuma mwenye kisu. Alinitazama mimi."

Kidonda kilipona. Kilichofuata ndicho kinachomfanya Mwanamvua aache kusokota na kuikunja mikono. Kwa siku thelathini na saba Kidani hakumsogelea. Alihamia jikoni, nyuma ya mafiga. Chakula alikula, lakini mpaka Mwanamvua aondoke. Akiitwa alitazama, kisha akapita ukutani, mbali na mikono ile. Asubuhi hakusindikiza mtu.

"Nyumba ilinyamaza," anasema. "Mume kafa, sawa, amekufa, nimekubali. Lakini huyu yu hai, yuko jikoni kwangu, na hanitaki. Nilikuwa nalia, mwanangu. Nalia kwa ajili ya paka, na watu wana misiba."

Siku ya thelathini na nane, Ramadhani imeshaingia, alikuwa amekaa akingoja kufuturu. Kidani akatoka jikoni, akazunguka mara mbili, akampanda mapajani. Mwanamvua aliogopa hata kuinua tende. Adhana ilikwisha, watu wakafuturu, yeye amekaa vilevile.

Idi ilipopita, uvimbe ukarudi.

Safari hii Bwana Mwinjuma alimpapasa paka kwa muda mrefu. Akasema akikata tena, na wakivuka salama, huenda Kidani akapata mwaka. Huenda pia asiamke, maana umri umekwenda. Asipokata, ni miezi miwili, mitatu. Akampa Mwanamvua mpaka Alhamisi ya wiki mbili zijazo aamue. Baada ya hapo uvimbe utakuwa umeshika mizizi, hautakatika tena.

Mwanamvua alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu akamwambia kumkata kwa nia ya kumtibu si dhambi, na kumwacha kwa kumhurumia si dhambi pia.

"Nilitaka mtu aniambie fanya hivi," anasema. "Mwalimu karudisha kwangu. Sihaba kasema, 'Shoga'ngu, paka wako huyo.' Jambo lote likabaki langu peke yangu. Mume ndiye mtu wa kumwuliza mambo kama hayo, unamwuliza hata kama jibu lake hulitaki."

Alitaka kumkata. Anakiri bila kuzunguka. Mwaka mmoja ni mwaka, Ramadhani nyingine na Idi nyingine na mtu wa kumkuta konani. Alichokiogopa si damu. Aliogopa Kidani asipoamka, ataondoka duniani akijua kwamba aliyemuua ni yeye.

Hapo ndipo Sihaba alipokuja na hila yake, na kahawani wakapata la kuchekea. Kama shida ni kwamba paka atamjua anayemshika, basi asimjue! Mwanamvua aogeshwe harufu ya makumbi imtoke, afukizwe udi, avae buibui la Sihaba, asiseme neno. Kidani atadhani kashikwa na mtu baki, atamchukia huyo mtu baki, na Mwanamvua atarudi baadaye na samaki wake kama asiyehusika.

Mwandishi alipomwuliza Sihaba kama kweli aliamini jambo hilo, alijibu, "Wewe hukumwona mwenzangu alivyokonda. Mtu akiwa hivyo unampa chochote."

Walikubaliana wajaribu kwanza, Jumanne adhuhuri, siku mbili kabla ya bwana mifugo kuja. Sihaba alimsugua Mwanamvua mikono kwa unga wa liwa wenye kunukia mpaka kwenye viwiko, akamfunika kwa kanga juu ya chetezo cha udi, akamtia marashi. Mwanamvua hakuwa amejifukiza tangu Msabaha alipokufa. Anasema moshi ulipompanda alisikia aibu, kisha akasikia raha, kisha aibu tena.

Kutoka kwa Sihaba mpaka kwake ni nyumba nne. Majaliwa, mshona kanzu, aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani yake akapaza sauti, "Harusi lini, bibi? Mbona hatukualikwa?" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mwanamvua akaenda zake ndani ya buibui.

Mlangoni akakumbuka kwamba yeye ni mgeni, na mgeni haingii hivihivi. Basi akabisha.

"Nikasema hodi kwa sauti ya puani," anasimulia, na anacheka kidogo. "Hodi mlangoni mwangu mwenyewe! Nikasimama nangoja. Sijui nilikuwa namngoja nani aitikie."

Kidani alitoka chini ya kitanda. Alikuja akichechemea, maana uvimbe umeshaanza kumvuta mguu, akauvuka ukumbi, na mkia kausimamisha juu. Hakunusa, hakusita. Akajipitisha kwenye pindo la buibui la Sihaba, upande huu na upande ule, akaketi juu ya miguu ya Mwanamvua.

Sihaba, aliyekuwa anachungulia kwa nje, anasema rafiki yake alikaa chini palepale kizingitini na buibui la watu, akalia kwa sauti. Majaliwa alisimamisha cherehani.

"Nimevaa kama bibi harusi, nanuka kama mtu mwingine, na amenijua," anasema Mwanamvua. "Furaha ile aliyonipokea nayo, nitamdanganyaje tena? Nikajiuliza, huo mwaka ninaoutaka ni wa nani? Nikaona ni wangu. Yeye mwaka hajauomba."

Alhamisi Bwana Mwinjuma alifika na mkoba wake, akaamkia, "Shikamoo, mama." Mwanamvua akaitikia marahaba, akamwekea mkeka na chai, akamwambia paka hatakatwa.

Bwana Mwinjuma hakuridhika, na hata leo hajaridhika. Mwandishi alimkuta machinjioni akinawa mikono. "Kinachokatika hukatwa," alisema. "Mama amemhurumia leo, uvimbe ukipasuka atajuta. Nimemwambia hivyo hivyo usoni, sikumficha." Hata hivyo alimwachia unga wa dawa, akamfundisha kuuosha uvimbe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na kila ajapo mjini hupitia Dunda. Hadai kitu.

Mwanamvua aliposomewa maneno hayo alitikisa kichwa. "Kasema kweli. Nitajuta. Ningemkata pia ningejuta. Nimechagua majuto ambayo yeye hayamwumizi."

Kuna siku anabadili mawazo mara tatu kabla ya adhuhuri. Kidani akila vizuri anajiambia angekatwa angepona. Akilala sana anashukuru hakumgusa. Hakuna wa kumwambia mambo haya, kwa hiyo anamwambia paka mwenyewe.

Pwani haendi tena. Makumbi yake yamo shimoni, yameshaiva, na wenzake wamemshauri ayafukue kabla wengine hawajajichukulia. Badala yake ananunua nyuzi zilizokwisha pondwa, anasokotea nyumbani, na faida inayobaki ni ndogo mno. Alipoulizwa kwa nini anajitia hasara hivyo, alitazama kando kwanza.

"Msabaha alikufa nimekwenda kisimani," anasema. "Ndoo mbili tu. Nilirudi nikakuta watu wamesimama mlangoni wananitazama. Huyu naomba Mungu amchukue siku nimo ndani. Ombi langu ni hilo, sina jingine."

Sihaba ana kipaka nyumbani kwake, anamhifadhia rafiki yake. Mwanamvua amemkatalia. Hataki Kidani aone mwenzake analetwa wakati yeye bado yupo.

Jua limefika barazani. Anaisogeza kamba pembeni, anamnyanyua paka taratibu kwa kumpitishia mkono chini ya kifua ili asiuguse uvimbe, anampakata. Kidani anageuka mara moja, analala. Mikono ya Mwanamvua imebaki hewani kidogo, haijui pa kushika, kisha inatulia juu ya mgongo wa kijivu.

Mwandishi anaaga. Mwanamvua anaomba radhi kwamba hawezi kuinuka kumsindikiza.

"Karibu tena, mwanangu," anasema kwa sauti ndogo, asimwamshe. "Njoo baada ya Idi Kubwa. Wakati huo nitakuwa na nafasi tele."