Springi ya mlango wa gereji imekatika Ruangwa, na mimi fundi cherehani ndiye niliyefunga mpya

Wakuu, habari za mchana.

Kwanza mnisamehe uandishi wangu. Shule niliishia darasa la saba, na kwenye simu nabonyeza herufi moja moja, nikikosea nafuta naanza upya. Uzi huu nimeuanza jana baada ya swala ya adhuhuri. Penye makosa someni tu, mtaelewa.

Ila jambo lenyewe ni la kweli, nimelifanya kwa mikono hii, na bado nina furaha mpaka kukaa chini nashindwa.

Mimi ni kijana wa Marambo, Nachingwea. Huu mwaka wa pili naishi Ruangwa mjini kwa mjomba wangu, kaka wa mama. Kazi yake iko Dar. Nyumba amejenga huku, tunakaa mimi na bibi, mama yake.

Nyumba ina gereji ya gari. Gari analo mwenyewe huko Dar, kwa hiyo gereji nikapewa mimi niweke cherehani.

Mlango wake si ule wa kukunja kama wa maduka. Ni mapande manne ya bati nene yaliyoungwa, unanyanyua unapanda kwenye reli na kulala juu, chini ya dari. Mtaani kwetu hakuna mwingine. Mjomba aliuleta kutoka Dar kwa tabu sana, na akija lazima aufungue mara mbili tatu watu waone.

Juu ya mlango kuna bomba refu, na bomba hilo limevaa springi nene, ndefu kuliko mkono wangu. Kumbe springi ndiyo inayobeba uzito wote. Mimi nilidhani mlango ni mwepesi.

Sasa niseme tabia yangu, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Mimi ni mtu wa haya. Mtu akinitazama nikishona, mshono unakwenda upande. Kwa hiyo nilikuwa nashona mlango umefungwa, nimewasha taa. Mteja akibisha nafungua, akitoka nafunga. Akisahau mfuko akirudi, nafungua tena. Msimu huu watu wameuza ufuta, kila mtu anataka nguo mpya, basi ni kufungua na kufunga kutwa nzima.

Jumanne asubuhi nilikuwa nje nafagia. Mlango umefungwa, hakuna aliyeugusa. Mara ukalia mlio mmoja mkubwa, bati lote likatetemeka. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasema transfoma imelipuka.

Nikashika mlango niufungue. Haukusogea hata kidogo. Nilihisi kama umechomelewa sakafuni.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta ni Chande, fundi wa kuchomelea. Alikuja akachungulia dirishani, akaniita nione. Springi imekatika vipande viwili, katikati pengo la kuingia vidole vitatu.

Chande akaita wanaume wanne. Wakanyanyua mpaka magotini, mmoja akateleza mkono, mlango ukashuka wote kwa mpigo na kusaga tofali lililokuwa chini. Tofali lile likawa unga. 

Bibi akasema, "Mwenye kutaka kupitisha mguu chini ya huo mlango tena, aje kwanza aniage."

Nikampigia mjomba. Aliniuliza nimeufanya nini mlango wake. Nikasema nimeukuta hivyo. Akasema Jumamosi anakuja, na akikuta haufunguki anakuja na mwashi azibe pale ukuta, pabaki dirisha. "Na wewe Saidi chukua cherehani yako urudi Marambo."

Nikaitikia kwa kichwa. Mjomba huwa namjibu kwa kichwa, na simu haioni kichwa.

Wakuu, Marambo kuna wateja wangapi? Huku ndiko nilikoanza kuitwa fundi. Usingizi wangu wote siku ile uliishia kwenye maneno hayo.

Chande akasema tatizo dogo, analeta mashine anachomelea springi, saa moja kazi imekwisha. Kwetu kila kitu kinachomelewa, hata mimi niliona sawa. Lakini mlangoni kuna kibandiko chenye namba ya duka la Dar lililouza mlango. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikafanya mazoezi ya maneno peke yangu, ndipo nikapiga.

Muuzaji ni mtu mzima, mpole. Akasema tusichomelee kabisa. Chuma cha springi kikipata moto kinakufa nguvu, kitakatika tena kikiwa kimebeba mlango, safari hiyo na kichwa cha mtu kikiwa chini yake. Akashauri aje fundi wa milango hiyo. Nikamwambia huku hakuna.

Akauliza mlango unafunguliwa mara ngapi kwa siku. Nikamwambia ukweli, na kwa nini.

Alicheka sana. "Mdogo wangu, si umesema ni fundi cherehani? Springi ina idadi yake ya kufunguliwa, kama bobini ilivyo na urefu wake wa uzi. Wewe umemaliza uzi wa miaka."

Kwa hiyo wakuu, mlango ule niliuvunja mimi, kwa haya yangu.

Akataka vipimo vitatu na picha. Urefu wa springi, upana wake wa ndani, na urefu wa mizunguko kumi iliyobanana, hapo anajua unene wa waya. Picha ni ya kumwonyesha springi imejikunja kuelekea upande gani.

Kuingia ndani, Chande aliazima jeki mbili za lori. Tukapandisha kidogo kulia, kidogo kushoto, kila hatua tunasukumia tofali za saruji chini. Bibi alisimama palepale anahesabu tofali. Nikaingia kwa tumbo.

Kupima ni kazi yangu, nilitumia tepu ya shingoni. Halafu nikaiweka tepu kando ya springi nikapiga picha. Camera ya nyuma ya simu yangu ilishakufa, nikageuza ya mbele kama mtu anayejipiga selfi. Nikatuma.

Alhamisi springi ikafika na basi. Nilikwenda stendi nakimbia, narudi nayo begani kama nimebeba mtoto.

Chande akaiinua karibu na ile ya zamani iliyo kwenye bomba. Akatazama, akatazama tena, akaanza kutabasamu. Ya zamani imejikunja huku, mpya imejikunja kule.

"Fundi gauni," akasema, "umeagiza springi ya mlango wa jirani."

Nikapiga Dar. Muuzaji akasema ametuma kama picha inavyoonyesha. Nikaifungua picha. Namba za tepu yangu zote zimesimama kinyumenyume, kama unazisoma kwenye kioo. Camera ya mbele ilikuwa imegeuza kulia kuwa kushoto!

Nilihisi joto masikioni. Kuirudisha Dar na kuletewa nyingine ni baada ya Jumamosi. Chande akasema tuigeuze tu, mbele iwe nyuma. Tukaigeuza. Ikabaki vilevile. Tukageuza tena. Vilevile.

Chande akaenda kwake kunywa maji. Nikabaki nimekaa kwenye stuli, mbele yangu shati la mteja halijaingizwa mikono, na mikono yenyewe iko mezani.

Nikaitazama ile mikono.

Mkono wa kushoto wa shati hata uugeuze mara mia hauwi wa kulia. Lakini mkono huo haujaharibika. Unahamia upande wa pili wa shati, basi.

Nikanyanyua macho juu. Katikati ya bomba kuna bamba la chuma lililofungwa ukutani, springi ya zamani ilishikwa hapo kwa bolti, imekaa upande wa kushoto. Upande wa kulia bomba lilikuwa tupu.

Nikapiga Dar, safari hii bila mazoezi. Nikamuuliza springi hii ikihamia kulia kwa bamba, si itavuta sawa?

Akasema, "Itavuta sawa kabisa. Nani kakufundisha?"

Nikamwambia ni shati.

Ijumaa tulipotoka msikitini tukaanza. Chande alikata nondo mbili, akazisugua mpaka zikaingia sawasawa kwenye matundu ya kichwa cha springi. Muuzaji alisisitiza, bisibisi haifai, itachomoka na kukuvunja mkono. Mlango tukaushusha chini, tukaubana kwenye reli usipande wenyewe.

Tukatoa vipande vilivyokatika na kapi la upande wa kulia linalozungushia waya. Springi mpya ikaingia kwenye bomba, tukaifunga kwenye bamba, tukarudisha kapi na waya wake.

Kisha nikachukua chaki yangu ya kitambaa, nikachora mstari ulionyooka juu ya springi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hilo alinifundisha muuzaji. Ukikaza, mstari unajizungusha kama pipi, na ukihesabu michirizi unajua umefika wapi.

Nikapanda ngazi, nikasimama ubavuni, si mbele yake. Nondo ya kwanza nasukuma juu, robo mzunguko. Naingiza ya pili, ndipo natoa ya kwanza. Simu iko spika, Dar wanasikiliza. Bibi yuko dirishani anahesabu kwa sauti. Kwa mlango wetu zilitakiwa robo thelathini.

Robo ya ishirini nondo ilianza kuwa nzito. Ya ishirini na tano nilisikia springi inanguruma, jasho linaingia machoni na siwezi kulifuta. Chande alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili.

Thelathini. Nikakaza bolti, nikachomoa nondo, nikashuka, tukafungua vibano vya reli.

Nikashika mlango kwa mkono mmoja. Ukaja!

Muuzaji akasema bado, uinue mpaka kiunoni, uachie. Nikainua, nikaachia. Wakuu, ulisimama hapohapo. Haukupanda, haukushuka. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani, na mimi nimesimama katikati yao naonyesha kiuno changu na mlango, kiuno na mlango.

Jumamosi mjomba akafika na gari, na kweli nyuma amekaa mwashi na mwiko wake. Mjomba hakusalimia sana. Aliushika mlango kwa mikono miwili, akajikaza, akavuta. Ukapaa juu mara moja, nusura aanguke chali. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta.

Akatazama juu muda mrefu. Akauliza nani kaifunga. Chande akaninyooshea kidole. Mimi nikajibu kwa mdomo, nikasema ni mimi, na ile ya zamani kuisha idadi yake ni kwa sababu yangu.

Akaniambia nisogeze cherehani. Nikaisogeza. Akaingiza gari ndani, akazima, akashuka, akalizunguka. Nilijua basi, gereji imepata mwenyewe.

Akapanda tena, akalitoa kinyumenyume, akaliacha uani kwenye jua.

"Gari lina paa lake," akasema. "Rudisha cherehani."

Nimejifunza haya, wakuu. Mwenye mlango wa namna hii springi ikikatika usiunyanyue kwa nguvu za watu, usichomelee, na kama fundi yupo karibu mwite, springi iliyokazwa si ya kuchezea. Picha piga na camera ya nyuma. Na mimi sasa nashona mlango uko wazi tangu asubuhi. Mshono bado unakwenda upande kidogo wakinitazama. Nafumua, narudia.

Nina swali pia. Upande wa kushoto wa bomba sasa ndio mtupu. Mwenye kujua aniambie kama iko haja ya springi ya pili, na grisi ipakwe baada ya muda gani.

Niandikieni, hata mstari mmoja. Nitamjibu kila mtu, ila mnivumilie, nabonyeza taratibu.