Maji ya Dengu ya Ba

Niliondoka Mbeya nimekasirika. Hansa, rafiki yangu wa Iringa mjini, alinipigia simu analia: bintiye Diya, wa miezi tisa, uzito unazidi kushuka, na kliniki wamemwonya kwamba usipopanda mtoto atalazwa. Mwaka jana nilikwenda kukifundisha kikundi chao cha akina mama wenye asili ya Kihindi namna ya kulisha watoto wachanga. Walinipigia makofi. Sasa makofi yale yalikwenda wapi?

Asubuhi nilitoka kwangu Ilomba nikapanda basi. Makambako tulikaa tukimsubiri dereva amalize supu yake, Mafinga mvua ikatukuta, na mimi njia nzima nagombana kimoyomoyo na watu ambao hata hawapo.

Iringa tulifika jioni. Kesho yake kikundi kilikutana sebuleni kwa Hansa. Nikauliza chakula cha mtoto kiweje. Wakajibu kwa pamoja: kizito, kisichochuruzika kwenye kijiko, chenye mafuta kidogo. Wanajua kila kitu! Nilitamani kulia.

"Sasa nyumbani nani anapika cha mtoto?"

Hansa akatazama mlango wa jikoni. "Ba," akasema. Ndivyo anavyomwita mama mkwe wake. Kwa wenzake nako ni hivyohivyo: mwenye amri jikoni ni mama mkwe, na hatukuwahi kumwalika hata mmoja. Tulikuwa tunawafundisha wasioshika mwiko.

Nikaingia jikoni. Ba alikuwa anachota maji ya juu kwenye sufuria ya dengu, dengu zenyewe anaziacha chini.

"Shikamoo, Ba. Mbona unampa maji matupu?"

"Marahaba. Hana meno huyu. Baba yake nilimlea hivihivi, leo ana duka."

"Ba, mtoto anaisha huyu." Niliropoka, na sijutii.

Hansa alinipita, akaponda dengu na wali, akatia samli, akaanza kumlisha Diya. Mtoto akameza, akafungua tena mdomo. Ba alitazama weee, kisha akamnyang'anya Hansa kijiko.

"Unamshika vibaya, atapaliwa," akasema, akaendelea kumlisha chakula kilekile kizito mpaka bakuli likaisha.

Nilirudi Mbeya nikiwa nimewaagiza: kikao kijacho, kila mmoja aje na mama mkwe wake.

Juzi Hansa alipiga tena. Diya uzito umepanda, hatalazwa. Na Ba?

"Amekalia kiti chako kwenye kikundi, dada. Anawafundisha wenzake kupika. Anasema nyie wa Mbeya ndio mlikuwa mnawapa watoto maji."

Nikauma meno. Acha aseme, mradi anapika.